Raba Zilizo Kati ya Bodi na Chasisi
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Dodoma



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya ile hesabu iliyosomwa katika mkutano uliopita, yaani hesabu ya raba za motokaa ya chama. Wengi walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa fedha ile ni ya wanachama, nayo hukatwa katika mishahara mwezi kwa mwezi. Mwanachama mmoja aliuliza kama raba hizo ni za dhahabu, na watu wakacheka sana. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika daftari la matengenezo tangu siku ya kwanza hata ya mwisho twaona ni wajibu wetu kulijibu swali hilo, na njia ya kulijibu ni kueleza kazi yenyewe jinsi ilivyo. Fauka ya hayo, twajua ya kuwa wamo humu ndani wanachama walionunua motokaa za zamani katika minada, na wengine wanaoweka akiba wapate kununua. Hao na wasikilize zaidi.

Motokaa ya chama ni Toyota Land Cruiser ndefu ya jamii ya 40. Jamii hiyo ilianza kuundwa Japani mwaka 1960 ikaachwa mwaka 1984, ingawa huko Brazili ndugu yake aliendelea kuundwa hata mwaka 2001. Yetu ni ya mwaka 1982. Ndiyo ipelekayo wagonjwa hospitali, na ndiyo ichukuayo maiti za wenzetu mpaka makwao, Kondoa, Manyoni, Singida, na mbali zaidi. Hapana mtu humu asiyeijua sauti yake ikipita usiku.

Motokaa ya namna hii kwa kweli ni vitu viwili vilivyowekwa kimoja juu ya kingine. Chini ni chasisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa mihimili mifupi, nayo ndiyo ibebayo injini, gia, springi na magurudumu. Juu ni bodi, yaani sakafu, milango, viti, na paa. Bodi haikuchomelewa juu ya chasisi. Imekalia vibao vya chuma vilivyotokeza ubavuni mwa mihimili, na kati ya kila kibao na bodi imewekwa raba. Mafundi huziita bushi za bodi. Na hapa tuseme mapema, ili mtu asirudi nyumbani akalala chini ya motokaa yake kutafuta kisichokuwamo: motokaa nyingi ndogo za siku hizi, kama zile IST na Vitz zilizojaa mjini, hazina chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na raba zake ni habari nyingine.

Wenyeji wa Ugogo watatuelewa upesi tukitoa mfano wa tembe. Paa la tembe ni la udongo, nalo ni zito, limekalia miti na nguzo zenye panda. Nguzo moja ikiliwa na mchwa, ikadidimia kidogo, paa halianguki siku ile. Kinachotokea ni kwamba mlango hukataa kufungika. Mwenye nyumba asiyejua huchukua panga akauchonga mlango. Baada ya mwezi mlango unakataa tena, naye anauchonga tena, na huku nguzo yazidi kudidimia.

Hivyo hasa ndivyo ilivyotendeka kwa motokaa yetu. Katika daftari imeandikwa ya kuwa bawaba za milango zilirekebishwa mara tatu kwa muda wa miaka miwili, na komeo la mlango wa nyuma likabadilishwa mara moja. Kila mara fedha ilikuwa ndogo, na kwa kuwa ilikuwa ndogo hapana aliyeuliza neno. Kisha, wakati wa kiangazi, njiani kwenda Mpwapwa, mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe motokaa ikienda mbio, na ndani alikuwamo mjane wa mwenzetu pamoja na jeneza la mumewe na watoto wawili. Jeneza lilikuwa limefungwa kamba. Mtoto mmoja aliyeketi karibu na mlango alidakwa kwa shati. Hakuna aliyeumia, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo, lakini tangu siku ile dereva alikataa kuchukua abiria nyuma mpaka ijulikane sababu.

Sababu ilionekana fundi alipotutaka tulale chini tutazame wenyewe. Raba za upande wa kulia, nyuma, zilikuwa zimebonyea kama chapati, na nyingine zimepasukapasuka mfano wa udongo wa mbuga mwezi wa Oktoba. Bodi ilikuwa imelala upande ule, basi tundu la mlango si mraba tena. Mlango unaofungwa katika tundu lisilo mraba hushikwa na ncha ya komeo tu, na mtikiso mmoja mkubwa watosha kuufungua.

Mtu aweza kuuliza, mbona raba ikawekwa mahali pa hatari namna hii, na chuma kipo? Jawabu ni kwamba chasisi hujipinda. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likiingia shimoni, mihimili ile mirefu hujinyonga kidogo, na ni heri ijinyonge, maana isipojinyonga itakatika. Bodi ni ya mabati. Haiwezi kunyongwa kila siku bila kupasuka. Raba ndiyo mpatanishi wao. Tena ndiyo imezayo ule mtetemo wa barabara za changarawe zilizojikunja vituta vidogo vidogo kama bati la paa, ambazo sote twazijua. Wazo hili si geni mjini kwetu. Reli mpya iliyoanza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 haikulazwa chuma juu ya zege vivi hivi. Kati ya reli na taruma la zege pana kipande cha kitu laini mfano wa raba, kwa sababu ile ile.

Lakini raba ina umri. Raba mbichi ni utomvu wa mti, na utomvu ule huyeyuka kwa joto na kuwa mgumu kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua ya kuwa ukichanganywa na kiberiti cha manjano, yaani salfa, kisha ukatiwa moto, huwa kitu chenye nguvu kinachonyumbuka na kurudi. Hata Wadachi walipokuwa wakitawala walipanda miti ya mpira kwa wingi sehemu za Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Nao ni mti ule ambao majani yake yangali yakipikwa kuwa kisamvu. Turudi kwenye kazi yetu. Raba, ijapokuwa imepikwa vizuri, ina maadui: jua, joto, hewa yenyewe, na zaidi ya yote mafuta. Injini ivujayo mafuta polepole juu ya raba huilainisha na kuivimbisha hata ikawa kama ugali. Huku kwetu uwanda wa kati mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na miezi mingine ni ukavu na vumbi. Basi raba zetu aghalabu hufa kwa kukauka.

Ardhi hii ina sifa yake ya zamani ya kuvunja vyombo. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta matrekta na mitambo iliyokwisha tumika vitani, na mingi yake ilikufa haraka katika udongo ule unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Haikuwa udongo peke yake. Ilikuwa pia kukosa vipuri na karakana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha hesabu iliyowaudhi. Raba zile zilizobonyea hazikuwa za kiwandani. Miaka kadhaa nyuma motokaa ilipelekwa katika karakana moja, ambayo hatutaitaja, nayo ikaziba mahali pa raba zilizokufa kwa vipande vilivyokatwa katika tairi kuukuu. Hatumlaumu fundi kwa kutumia tairi. Mtu akikwama porini, tairi humfikisha nyumbani. Lakini kipande cha tairi si bushi. Ndani yake mna nyuzi, na mara nyingi nyuzi za chuma, kwa hiyo ni kigumu mno upande mmoja na laini upande mwingine. Havikatwi kwa unene ulio sawa. Tena vilikosa lile bomba.

Bomba hilo lataka maelezo. Bushi iliyo kamili ina raba ya juu, iliyo kati ya bodi na kibao cha chasisi. Ina raba ya chini, iliyo chini ya kibao. Na katikati ya zote mbili hupita bomba fupi la chuma, na ndani ya bomba hupita bolti. Fundi akikaza nati, raba hubanwa mpaka washa igonge ncha ya bomba, na hapo hukoma. Bomba ndilo lisemalo, "Sasa basi." Pasipo bomba, fundi hukaza kwa kadiri ya nguvu za mkono wake. Akikaza sana raba hufa kwa kubanwa, na akikaza kidogo nati hulegea. Katika motokaa yetu mahali pengine palikazwa sana, na pengine kidogo. Palipokazwa sana mtetemo wote ulipita moja kwa moja katika kibao cha chuma, na vibao viwili vikapasuka penye mshono wa kuchomelea.

Basi hilo ndilo jibu la swali la dhahabu. Sehemu kubwa ya fedha mliyoisikia haikununua raba. Ililipa kuchomelea vibao viwili, kuziba sakafu iliyopasuka juu yake, na kununua bolti mpya. Raba za kwanza zingalinunuliwa kamili, vibao vile visingalipasuka.

Walikuwapo katika Halmashauri waliosema motokaa iuzwe. Hoja yao haikuwa ya upuuzi: motokaa ina zaidi ya miaka 40, na barabara za lami zimeongezeka, ile ya kwenda Kondoa na Babati ilifunguliwa kwa lami mwaka 2018, na motokaa ndogo zaweza kupita siku zote. Lakini lami haifiki kila kaburi. Nyumbani kwa marehemu mara nyingi ni maili kadhaa kutoka barabara kuu, kupita makorongo ya mchanga, na wakati wa masika mbuga za udongo mweusi. Injini yake ni nzima, chasisi yake ni nzima isipokuwa vile vibao. Bei ambayo ingalipatikana isingalinunua nyingine ya kazi hiyo. Hivyo Halmashauri ikaamua kutengeneza, nasi twaona iliamua vema.

Kazi ilichukua siku nne. Siku mbili kabla, bolti zote zilipigwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kupenya kutu, asubuhi na jioni. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo liokoalo siku nzima, maana nati nyingi za juu zimechomelewa ndani ya sakafu, na bolti yenye kutu ikilazimishwa hung'oa nati, kisha yazunguka bure. Hapo hapana dawa ila kukata sakafu. Moja ilitufanyia hivyo. Fundi alitaka kuipasha moto kwa gesi, lakini tangi la mafuta lilikuwa karibu, na dereva akamzuia mpaka tangi litolewe. Alizuia kwa haki. Katika motokaa nyingi za kale tangi liko chini ya kiti, na moto wa gesi haungoji mtu akumbuke.

Kabla ya kulegeza hata bolti moja, tulipima nafasi kati ya kila mlango na mhimili wake, juu, katikati na chini, tukaandika. Tukaandika pia mahali gani palikuwa na vibati vyembamba vya kusawazisha, na vingapi. Vibati hivyo viliwekwa kiwandani kwa sababu hapana chasisi mbili zilizo sawa kabisa. Akivitupa fundi, bodi itakaa upogo juu ya raba mpya. Hapa ndipo karani amfaapo fundi kuliko jeki. Mafundi wengi wana kumbukumbu nzuri, ila kumbukumbu ya siku ya nne si ile ya siku ya kwanza.

Kisha hufunguliwa kila kitu kinachounganisha bodi na chasisi ambacho kingeweza kukatika bodi ikiinuliwa: waya wa betri, waya wa umeme uliofungwa kwenye chasisi, mpira wa kujazia mafuta, nyaya za breki ya mkono, na kiungo cha usukani, maana sanduku la usukani liko kwenye chasisi, na mti wake umeshikwa na bodi. Penye mabomba ya breki mtu awe macho. Yafaa pia kutazama feni. Katika motokaa ambazo rejeta imefungwa na bodi, bodi ikipanda inchi moja na injini ikabaki, feni yaweza kugusa rejeta.

Bodi haiinuliwi yote kwa mara moja. Magurudumu huzuiwa kwa mawe, chasisi hukalishwa juu ya vigingi vya chuma, sio juu ya jeki. Bolti za upande mmoja hutolewa zote, na za upande wa pili hulegezwa tu bila kutolewa, ili bodi isisogee. Halafu jeki huwekwa chini ya bodi, na juu ya jeki ubao mrefu na mnene, ili uzito usikae mahali pamoja ukatoboa bati. Huinuliwa inchi moja au mbili, isizidi haja. Na kabla mtu hajatia vidole kati ya bodi na chasisi, gogo la mti hutiwa kwanza. Kijana mmoja msaidizi alitaka kutangulia gogo. Fundi alimpiga mkono kwa kitambaa, wala kijana hakusema neno.

Vibao vilipokuwa wazi viligongwa nyundo kimoja kimoja. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Vile viwili vikachomelewa, vyote vikapigwa rangi na kuachwa vikauke usiku kucha. Raba mpya ziliingizwa kwa maji ya sabuni, kwa maana grisi ya kawaida ni mafuta, na mafuta tumekwisha yataja. Bolti zote zilianzwa kwa mkono kabla yoyote haijakazwa, kisha zikakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, kulia na kushoto, mbele na nyuma, mpaka kila washa ikagonga bomba lake. Tulipopima milango, nafasi zilikuwa sawa. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kidole kimoja, bila bawaba kuguswa.

Wengine wameuliza kwa nini hatukununua bushi za ile plastiki ngumu yenye rangi, iitwayo poliyurethani, inayosifiwa kuwa haifi. Ni kweli haiogopi mafuta kama raba. Lakini ni ngumu zaidi, na mtetemo hupita. Kwa motokaa inayopita barabara za vituta na ina vibao vilivyochomelewa jana, twaona raba ni bora, ijapokuwa itatudai tena baada ya miaka. Fundi wetu hakubaliani nasi katika hili, na yeye ni fundi.

Kwa wale wanaokusudia kununua mnadani, neno moja. Motokaa iliyofanya kazi pwani, Tanga au Dar es Salaam, hutazamwa chasisi kwanza, kwa ajili ya hewa ya chumvi. Iliyofanya kazi huku bara kavu mara nyingi ina chasisi nzuri na raba zilizokufa, na hiyo ndiyo ya kununua, bei ikipunguzwa kwa kadiri ya raba. Iliyozoea kupita mbuga ya Bahi itazamwe kama ya pwani. Fungua mlango wa dereva nusu, uinue kwa mkono: ukicheza, ni bawaba. Usipocheza na bado haufungiki vema, ingia chini na taa.

Bolti zitakazwa tena Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi nyuma ya ofisi ya chama, kwa kuwa raba mpya hujilaza kidogo baada ya siku za kwanza za safari, na mwanachama yeyote aweza kuja kutazama. Daftari la vipimo na stakabadhi zote liko mezani kwa Katibu. Vile vipande vya tairi vimo ndani ya sanduku hapo mlangoni, pamoja na bushi moja mpya iliyobaki. Tafadhali, mkishika hivi na hivi, mrudishe ile mpya.